Nyumba Mbili za Namba Kumi na Tisa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Hadiya alijaza debe la maji kwenye mfereji, akafagia mbele ya mlango, kisha akasimama kando ya karai kungoja mahamri ya kwanza. Bibi yake, Bibi Mboni, alikuwa akiuza mahamri hapo Bondeni, Nakuru, tangu kabla ya uhuru.

Mteja wa kwanza siku zote alikuwa Sista Chepkosgei, muuguzi wa zahanati. Alifika akisukuma baiskeli, mkoba wa dawa umefungwa nyuma.

"Shikamoo, bibi. Nifungie mawili."

"Marahaba, mwanangu. Mawili ya nani, ya ndege? Chukua matatu."

Alhamisi moja ya mwaka 1968, sista alikuja na karatasi mkononi. Namba za nyumba katika safu ya chini zilikuwa zimebadilishwa. Nyumba ya tatu, ambayo mlango wake sasa ulitazama njia ya nyuma, ilihesabiwa mwisho, ikawa namba ishirini. Basi ya nne ikawa ya tatu, ya tano ikawa ya nne, hivyo hivyo mpaka ya ishirini, ambayo ikawa ya kumi na tisa.

"Karatasi hii aliniachia mwenzangu aliyehamishwa," sista alieleza. "Ina namba za zamani. Mimi naanza safu hiyo Jumatatu."

Hadiya aliinama kutazama. Hapakuwa na jina hata moja. Kila kiduara kilikuwa nyumba, na viduara vilitawanyika bila kufuata mpangilio wa mtaa. Mistari iliunganisha nyumba ambazo watoto wake hula au kulala pamoja, ili mmoja akikohoa ijulikane wa kupimwa ni nani. Kiduara kimoja kilizungushiwa wino mwekundu. Humo mlikuwa na mgonjwa wa kifua kikuu, aliyehitaji sindano kila siku.

"Mwandiko wako unapendeza, Hadiya. Nibadilishie namba. Orodha ya mabadiliko hii hapa."

Jioni ile Hadiya alichukua penseli na raba. Alifuta tatu, akaandika ishirini. Alifuta nne, akaandika tatu. Aliendelea polepole, ulimi nje. Mwisho orodha ilisema ishirini iwe kumi na tisa. Kila alipoona ishirini, akafuta, akaandika kumi na tisa.

Alihesabu, akarudia kuhesabu. Kulikuwa na kumi na tisa mbili, na ishirini haikuwapo. Moja ya zile mbili ndiyo iliyokuwa na wino mwekundu. Aliinua karatasi kwenye mwanga atafute alama za zamani, lakini raba ilikuwa imezimaliza.

"Umemaliza, mama?" Bibi aliuliza kutoka jikoni.

Hadiya alikitazama kiduara chekundu, akakitazama na kile kingine. Akabahatisha. Kile kisicho na wino akakiandika ishirini.

"Nimemaliza, bibi."

Jumatano iliyofuata, wakati wa mapumziko, rafiki yake Wariara alikaa peke yake ukutani. Hadiya alimsogelea.

"Mbona umenuna? Njoo tucheze kati, mpira ninao."

"Cheza wewe, karani wa serikali," Wariara alisema, jina alilompa kwa mwandiko wake, lakini hakucheka. Kisha akanong'ona, "Usimwambie mtu. Njoki wetu ana kifua. Tuliambiwa sista atakuja nyumbani na sindano. Leo siku ya tatu hajaja, na jana Njoki alikohoa mpaka akatapika. Mama anasema labda wametuchoka."

Njoki, mdogo wake Wariara, alikuwa na miaka minne. Nyumba yao ilikuwa ile iliyoitwa ya tatu, na sasa ilikuwa ya ishirini.

Masomo ya siku yalipoisha, Hadiya alikimbia mpaka nyumbani. Alimweleza bibi yote huku akilia. Bibi Mboni alimsikiliza mpaka mwisho, akamfuta uso kwa ncha ya leso.

"Twende zahanati. Mimi nitakushika mkono. Lakini kusema, utasema mwenyewe."

Sista alikuwa akifunga mkoba. Hadiya alisema: "Ile kumi na tisa nyekundu si kumi na tisa. Ni ishirini. Nilijua nimekosea, nikabahatisha."

"Kumi na tisa!" Sista aliketi. "Siku tatu nabisha, nakuta kufuli. Majirani wanasema wamekwenda Molo mazishini. Nikadhani mgonjwa wangu amekwenda nao." Hakugomba. Alisimama, akachukua baiskeli. "Haya, nionyeshe njia."

Njoki alikuwa amelala mapajani mwa mama yake. Alipoiona sindano alianza kulia, na Hadiya akamshika kidole mpaka ikaisha. Nje, alimwomba Wariara msamaha. Wariara akasema, "Kesho ulete hamri la Njoki. Kubwa."

Waliporudi, bibi aliweka mikebe mitatu mezani: wa iliki, wa binzari, na mmoja mtupu.

"Nataka iliki ikae kwa binzari, na binzari ikae kwa iliki. Nikiimimina iliki juu ya binzari sasa hivi, itakuwaje?"

"Zitachanganyika."

"Nani atazichambua?"

Hadiya aliutazama mkebe mtupu, kisha karatasi aliyorudishiwa na sista. "Ningetumia karatasi nyingine! Ya zamani ningeiacha ilivyo, nihamishe namba moja moja."

"Ndivyo. Kipya kikamilike kwanza, ndipo uguse cha zamani."

Mwenzake sista, yule aliyehamishwa, alipelekewa ujumbe Naivasha, naye akatuma nakala yake ya zamani. Hadiya alitoa karatasi safi, akahamisha kila kiduara na kila mstari, akitia alama palipokwisha. Sista alizihesabu mbele yake, moja hadi ishirini. Hakuna iliyojirudia.

"Ikija karatasi nyingine, nitakupa wewe tena," alisema. "Kuchanganya namba, hata mimi huchanganya. Ungeniambia Ijumaa, tungecheka, tukaandika upya. Njoki hakukosa dawa kwa sababu ya raba, mwanangu. Alikosa kwa sababu ulinyamaza. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kosa lingali dogo."

Miezi ilipita. Asubuhi moja Njoki alikuja mwenyewe kwenye karai, mashavu yamejaa, akanyoosha mkono.

"Hamri langu," alisema. "Kubwa."