Nilimsemea Mdogo Wangu kwa Daktari

Nina miaka arobaini na nne. Nilimaliza kidato cha nne, na tangu hapo sijawahi kulala mwaka mzima chini ya paa moja. Nimechimba dhahabu Geita, nimebeba magunia Kahama, nimekuwa utingo wa malori hadi Kabanga mpakani. Watu wa namna yangu huitwa watafutaji. Jina zuri sana! Ukweli ni kwamba nilikuwa mzururaji mwenye begi, na kila nilipochoka nilikumbuka nyumbani.

Siandiki ili mnihurumie. Mwenye huruma na amhurumie mwingine. Naandika kwa sababu najua wenzangu wapo wengi, wamekaa sasa hivi kwenye mabenchi ya hospitali, wakipanga uongo watakaomwambia daktari...

Kwetu ni Keza, wilaya ya Ngara. Huko nilimwacha mdogo wangu, Deogratias. Wote tulimwita Deo. Yeye hakuzurura. Alibaki na migomba ya marehemu baba, akamtunza mama, akamwoa Leokadia, akapata watoto watatu, akaimba kwaya kigangoni. Kila nilipokwenda kusalimia nilimcheka. Nilimwambia yeye ni mgomba, alipopandwa ndipo atakapoangukia. Naye alicheka. Hakuwa mtu wa kununa, Deo wangu!

Mwaka juzi, wakati wa kiangazi, nilirudi nikiwa na ugonjwa wangu wa kukumbuka. Safari hii nilikumbuka asali. Tulipokuwa wadogo, baba alikuwa akienda kurina asali kwenye pori la upande wa Biharamulo, anarudi na kibuyu cha asali nyeusi, sisi tunalamba mpaka viwiko. Nikamwambia Deo twende tukarine kule kule alikopita mzee.

Alisita. "Kaka, kule siku hizi ni hifadhi. Askari wakitukuta?"

"Umekuwa mwoga kama bibi harusi," nikamjibu. Nikampa shati jipya la bluu nililomletea kutoka Kahama. Akalivaa hapo hapo. Tukaondoka.

Tulikaa porini siku tisa. Mbung'o walikuwa wengi, wale inzi wakubwa wanaouma hata juu ya nguo. Mimi walinigusa kidogo tu. Deo walimwandama kutwa. Nikamtania kwamba wamelipenda shati lake. Sikujua kwamba nasema kweli! Baadaye daktari alinieleza kuwa inzi wale huvutwa na rangi ya bluu.

Tulirudi na ndoo mbili. Na asali yenyewe... haikuwa na ladha niliyoikumbuka hata kidogo. Ilikuwa asali tu.

Wiki haikuisha, Deo akatokwa na uvimbe shingoni, mwekundu, mgumu, ukageuka kidonda. Ikafuata homa. Kichwa kikamuuma hadi akawa anakifunga kitambaa. Tukampeleka kutibiwa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipomuua.

Kwetu mgonjwa hajisemei. Mkubwa wa familia ndiye anayeingia naye kwa daktari, anakalia kiti cha mbele, anaeleza. Mgonjwa anakaa pembeni kama mzigo. Mke wake anasimama mlangoni. Ndiyo adabu yetu, na mimi niliifurahia adabu hiyo kuliko wote, kwa sababu ilikuwa kazi pekee ya ukubwa niliyowahi kuifanya katika ukoo wetu! Kabla ya kuingia nilimwambia Leokadia neno pori lisitoke mdomoni mwake. Niliogopa kwamba daktari ataandika, karatasi itafika kwa askari wa wanyamapori, nami nitafungwa kwa ajili ya ndoo mbili za asali.

Daktari alikuwa kijana mpole. Akauliza kama mgonjwa amesafiri. Nikasema hapana. Akaangalia kile kidonda, akauliza kama ameingia porini, hasa hifadhini.

"Huyu?" nikacheka. "Daktari, huyu hata Rulenge hapo jirani anaenda kwa kuelekezwa! Hilo ni jipu tu."

Deo aliinua macho akanitazama. Kisha akayashusha. Mimi ndiye mkubwa, angesema nini?

Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Daktari akampa dawa kwa kadiri ya uongo aliopewa, akasisitiza tumrudishe asipopata nafuu. Simlaumu. Daktari si mpiga ramli.

Baada ya hapo Deo akaanza kulala. Analala mchana akiwa ameegemea jembe. Analala na tonge mdomoni! Usiku hana usingizi, anazunguka uani akizungumza peke yake. Siku moja alimtukana mama, yeye ambaye hakuwahi kumwinulia sauti hata mbuzi.

Wataalamu wa kijiji wakajitokeza. Fundi baiskeli, ambaye hawezi kuziba pancha ikakaa siku mbili, akatangaza kwamba huo ni uvivu wa mtu aliyechoka ndoa. Mwanamke mmoja wa jirani akanong'ona kwamba Leokadia amemlisha mumewe kitu. Mtu wa maombi naye akaja, kapigwa pasi mpaka soksi, akasema ni pepo wa usingizi, akaagiza mgonjwa afunge kula siku saba. Mtu ambaye hata kutafuna hawezi, afunge!

Mnadhani mimi, msomi wao, nilisema nini? Nilimwita mvivu. Asubuhi moja nilimkuta amelala chini ya migomba, nikammwagia ndoo ya maji kichwani mbele ya watoto wake. "Amka wewe! Unamwachia mkeo jembe?"

Alifumbua macho taratibu. "Kaka," akasema, "si mimi."

Nikamsonya, nikaondoka.

Tulimpeleka hospitali mara ya pili. Nilipata nafasi ya pili, ambayo wengi hawapati! Swali likaulizwa lile lile. Leokadia akafungua mdomo pale mlangoni. Nikakohoa. Akaufunga. Nikasema matatizo yameanzia kichwani, ukoo wa mama una wendawazimu. Fikirini! Nilimsingizia hata mama aliyenizaa ili kuficha ndoo mbili za asali. Tukatoka na dawa za kutuliza akili.

Mara ya tatu hatukumpeleka kwa mguu. Alikuwa ametupwa chini na degedege, akabebwa kwenye pikipiki, Leokadia nyuma amemkumbatia asidondoke. Mimi nilifuata na pikipiki nyingine. Kule tulipokelewa na daktari mwanamke, mtu wa makamo, macho yamechoka. Akauliza kama mgonjwa amewahi kuingia porini. Nikavuta pumzi nijibu kama kawaida yangu.

"Alikuwa porini." Ilikuwa sauti ya Leokadia. Hakuwa mlangoni tena, alikuwa amesimama mbele ya meza. "Siku tisa, daktari. Aliporudi akatokwa na kidonda hapa." Akagusa shingo ya mume wake. "Shemeji alinikataza kusema."

Daktari hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Alichukua damu, akaenda nayo maabara yeye mwenyewe. Baadaye akaniita, akanielekeza niweke jicho kwenye hadubini. Nikaona chembe za damu zikitikisika, na katikati yake kitu kama kipande cha uzi, kinajikunja, kinasukumana nazo, kinaishi. Kinaishi ndani ya mdogo wangu.

"Unaijua hii?" akauliza. "Ni malale."

Malale! Nilisoma malale shuleni! Mbung'o, vimelea, usingizi wa mchana, yote nilikariri, na kwenye mtihani wa baiolojia nilijibu swali hilo nikapata. Kumbe elimu yangu ilikuwa ya kujibu karatasi. Mtu wa damu yangu alipolala mbele yangu na dalili zote, nilimmwagia maji.

Wakamchoma sindano mgongoni, wakatoa maji ya uti wa mgongo. Vimelea vilishafika kwenye ubongo. Daktari akaniambia ugonjwa huu umekuwa adimu siku hizi, hautafutwi kama mgonjwa haelezi alikopita, na dawa yake haikai kwenye kabati la kila hospitali. Kisha akasema neno ambalo bado linanila: "Ungesema siku ya kwanza, tungemtibu akiwa anatembea."

Dawa ililetwa kutoka mbali, ikafika siku ya nne. Akaanzishiwa. Siku mbili aliamka kabisa, akamtambua Leokadia, akaomba ndizi ya kuchoma. Mimi aliniangalia kwa muda mrefu. "Kaka, ulikamatwa?" akauliza. Kumbe katika giza lake lote alikuwa akihofia kwa ajili yangu! Nikamwambia sikukamatwa. "Afadhali," akasema, akafumba macho.

Degedege likarudi. Siku ya sita tangu aanze dawa, Deo akafariki. Alikuwa na miaka thelathini na nane...

Kwenye mazishi, mkubwa ndiye anayesoma historia ya marehemu. Nilikuwa nimeiandika vizuri, kwa mwandiko wangu wa shule: ameugua kwa muda mfupi, familia imefanya kila ililoweza. Nilipoitwa nikasimama, nikakunjua karatasi.

Leokadia akasimama pia. Hakupiga kelele.

"Shemeji, kaa. Umemsemea vya kutosha."

Nikakaa. Akasema mwenyewe, mbele ya padri na kijiji kizima, kwamba mumewe ameuawa na malale aliyoyapata porini, na kwamba ugonjwa huo una dawa, lakini ulifichwa. Fundi baiskeli akawa anatazama viatu vyake. Yule wa maombi hakuonekana. Mama hakunitazama siku hiyo, na hajanitazama hadi leo.

Na askari? Hakuna askari aliyekuja. Hata mmoja! Hakuna aliyewahi kuuliza habari za asali yangu. Ndoo moja bado iko nyumbani kwa mama, imefunikwa, hakuna anayeigusa.

Nimerudi Kabanga, napakia na kushusha mizigo ya watu wanaovuka. Sikai tena nikikumbuka utoto. Nikianza tu kukumbuka, namwona Deo amelowa maji chini ya migomba.

Wasomaji, nyinyi mnaojiona wakubwa wa familia, nawaomba na nawaonya. Mkimpeleka mgonjwa hospitali, mwacheni aseme mwenyewe. Akishindwa, aseme yule anayelala naye nyumba moja, siyo mwenye sauti kubwa. Semeni alikopita, alichokula, kilichomuuma, hata kama ni aibu, hata kama ni kosa. Daktari anatafuta ugonjwa, hatafuti mwizi wa asali. Na wewe unayekohoa ili mke wa mdogo wako anyamaze... nakujua. Nilikuwa wewe.

Karatasi ile ya mazishi bado ninayo kwenye begi. Sijapata wa kumsomea.