Mraba Mwekundu

Ngowa ni rafiki yangu, lakini kwa hili simhurumii.

Kazi yake ni kukagua kingo za chuma za barabarani. Gari lenye kamera hupiga picha, akili unde huchora mraba mwekundu palipolegea, kisha Ngowa huenda kupagonga kwa nyundo mara tatu, asikilize. Yeye alizoea kuandika "salama" akiwa mkahawani Marikiti.

Ukingo wa kona ya baharini aliuandikia hivyo. Usiku mmoja kijana aitwaye Akil akaugonga kwa pikipiki, ukang'oka naye hadi majabalini. Asubuhi nzima wapita njia walisikia chuma kikigongwa huko chini, wakadhani ni mafundi; jioni akakutwa amekufa.

"Mwanangu alikuwa akibisha hodi," mamake Akil alimwambia Ngowa.

"Mashine ndiyo iliyokosea, mama," akamjibu, akamalizia chai yake.

Ukatiwa ukingo mpya. Juzi mraba ukarudi pale pale. Ngowa akaenda, mvua imetia giza adhuhuri. Akagonga mara tatu. Huko chini, majabalini, kukagongwa mara tatu. Akainama kuchungulia. Hapakuwa na mtu.

Aliporudi ofisini, alikuta picha imeshafika. Ilipigwa kutoka chini, upande wa bahari: ni yeye, akichungulia. Mraba mwekundu uko shingoni mwake.