Tope Kwenye Matairi

Mshikaji wangu Rhodri, wa Merthyr kule Wales, aliapa mbele ya baa nzima kwamba kigari chake cha turbo, ambacho injini yake haijaongezwa chochote tangu kitoke kiwandani, kina nguvu ya farasi mia tatu. Kikipungua, anakiuza. Jumamosi asubuhi akakipeleka gereji kikapimwe. Fundi Emlyn akakipandisha kwenye roleri za kupimia, ambazo matairi huzungukia juu yake gari lisisogee, akakifunga sakafuni kwa mikanda minne.

"Shuka, dogo. Mwenye gari hukaa nyuma ya kioo."

"Ili unipikie namba? Nakanyaga mwenyewe!"

Akakanyaga. Injini ilipopiga kelele umeme ukakatika, chumba kikawa giza tupu. Rhodri akazima gari, akachomoa ufunguo. Matairi hayakusimama. Yalizidi kuvuma, kisha yakaanza kusaga changarawe. Akavuta mlango, ukagoma.

"Emlyn! Nitoe humu, bosi wangu, nakuomba!"

"Zima gari kwanza, mjinga wewe!"

"Nimeshazima!"

Kitu kikagonga bampa ya mbele, puu. Kimya.

Taa zikarudi. Mikanda yote minne ilikuwa imekaza vilevile. Karatasi ya vipimo ilionyesha farasi mia tatu na kumi, lakini Rhodri hakuitazama. Alikuwa anatazama matairi yakidondosha tope bichi, na sufu ya kondoo iliyonasa kwenye bampa. Aliishika. Ilikuwa bado na joto.