Kalori Mia Nne na Themanini

Nilikuwa nimesimama juu ya mizani, pumzi nimezibana, nikisubiri tarakimu zitulie. Ndivyo nilivyoanza kila siku: mizani kwanza, saa ya mkononi pili, chai ya rangi baadaye. Zikatulia. Hamsini na mbili nukta tatu. Nikashuka, nikapanda tena. Huenda mizani imekosea.

Mlango wa uani ukagongwa.

"Hodi hapa! Wenyewe mmelala?"

Sauti niliijua. Bi Mwanaidi, mama yake Abdulmalik, mchumba wangu. Zilibaki siku kumi na tisa tuoane, na saa moja asubuhi ilikuwa haijafika. Mama mkwe haji saa hizo kuuliza hali.

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Vua mtandio nikuone."

"Mama..."

"Vua, mwanangu. Hapa hakuna mwanamume."

Nikavua. Akanishika mkono juu ya kiwiko kwa kidole gumba na cha kati. Vidole vikakutana. Akaniachia taratibu, kama mtu aliyeshika kitu cha kuvunjika.

Mama yangu akatoka jikoni, mwiko mkononi.

"Mama Abdulmalik, asubuhi yote hii? Kuna msiba?"

"Bado. Nimetoka kuonana na Veronika, fundi wenu. Gauni amelipunguza mara mbili, na juzi mmempelekea tena. Nauliza kwa wema tu: mwanangu anaoa mtu au anaoa mgonjwa?"

"Mwaisha haumwi!"

"Basi akapime hospitali. Ijumaa karatasi niione kwa macho yangu. Bila karatasi, hakuna harusi."

"Binti yangu hapimwi kama korosho!"

"Hata korosho hupimwa kabla ya kununuliwa, mama Mwaisha."

Wakageuka wote wawili kunitazama. Mimi ni mwalimu wa hisabati, darasa la tano. Watoto sabini hunyamaza nikiwatazama tu. Lakini mbele ya watu wazima sauti yangu hukimbia, na siku ile ilikimbia na maneno yote.

"Nitaenda, mama," ndiyo niliyoweza.

Bi Mwanaidi akaondoka bila kunywa chai. Mama akanigeukia, macho yamejaa maji.

"Mwanangu, niambie mimi. Una nini?"

"Sina kitu, mama. Uchovu wa shule."

"Uchovu wa shule unamaliza nyama ya mikono?"

Nikachukua madaftari yangu, nikaondoka kwenda shule. Mimi mwenyewe sikujua nina nini.

Mambo yalianza Septemba, siku posa ilipokubaliwa. Abdulmalik alinivuta kando, akanipa kiboksi. Ndani kulikuwa na saa nyeusi, ya kuhesabu hatua na kalori. Akainama, akaangalia viatu vyake.

"Hii... itakusaidia ubaki hivi hivi."

Basi. Hakuongeza neno. Siku hiyo nilikuwa na kilo sitini na moja. Nikaelewa kwamba sitini na moja ndiyo aliyoiposa, na nikizidisha nitakuwa nimemdanganya.

Hesabu yangu ilikuwa nyepesi, ndiyo maana niliiamini. Ili uzito usibadilike, kinachoingia kilingane na kinachotoka. Kwenye saa kulikuwa na duara jekundu, na chini yake lengo: kalori mia nne na themanini. Nikitembea, duara linajaa, saa inatetemeka kunipongeza. Nikasema basi ninachotoa kwa siku ni mia nne na themanini, na ninachopaswa kula ni hicho hicho. Kipande cha muhogo wa kuchemsha, chai bila sukari, samaki asiyezidi kiganja. Kila tonge niliandika kwenye simu.

Mizani ikashuka. Mwanzoni nilifurahi, nikasema nimejiwekea nafasi. Wiki ya sita sikufurahi tena. Siku moja kwenye akika nilikula wali wa nazi, jumla ikafika elfu moja na mia moja, simu ikaandika kwa rangi nyekundu. Nilivaa raba nikatembea kutoka mtaani kwetu Likombe mpaka bandarini na kurudi, jua la saa nane, malori ya mizigo yakinipita na vumbi lake. Bado nikapungua. Abdulmalik aliniletea pakiti ya korosho za kukaanga kila Ijumaa. Konzi moja, kalori mia na sitini! Nilizificha kabatini, nyuma ya madaftari ya wanafunzi.

Ndipo nikaanza kuamini wanayoyasema watu. Kwamba ndani yangu kuna kitu kinanila.

Siku hiyo ya Bi Mwanaidi, saa ya mapumziko, simu ilitoa mlio. Ujumbe wa Abdulmalik.

"Mwalimu. Hatua ngapi mpaka sasa?"

"Elfu nne."

"Safi."

Nikakusanya ujasiri wote.

"Mama yako alikuja nyumbani."

Ikaonyesha anaandika. Ikaacha. Anaandika. Ikaacha tena. Nilisubiri mpaka kengele ikagonga, ndipo jibu likaja.

"Najua. Usijali. Umekunywa maji?"

Nilisoma ujumbe ule mara tatu nikitafuta mahali penye mapenzi. Sikuona. Niliona hatua na maji. Nikaamua: nikitoka shule naenda ghalani kwake, namrudishia saa, namwambia atafute mwenye afya. Ni heri kuachana kabla ya Ijumaa kuliko kuachwa na karatasi mkononi.

Abdulmalik ni mtunza ghala la korosho. Nilimkuta na daftari mbele ya mizani kubwa ya chuma, wanapima magunia ya mwisho ya msimu kabla ya kupakia lori. Mzee Jafari, mkuu wa makuli, akaniona wa kwanza.

"Mwalimu! Usiikaribie mizani hiyo, watakuuza mnadani!"

Makuli wakacheka. Abdulmalik hakucheka. Alinitazama, akafunga daftari.

"Mzee Jafari, wapumzike kidogo."

"Kupumzika? Dereva atatutukana."

"Atanitukana mimi."

Wakatoka nje. Nikavua saa, nikaiweka juu ya daftari lake.

"Nimekuja kukurudishia."

"Imeharibika?"

"Mimi ndiye nimeharibika. Nimefuata kila ilichosema, Malik. Wallahi sijavuka hata siku moja ila moja tu. Na nazidi kuisha. Nafikiri naumwa. Mama yako ana haki."

"Kaa kwanza." Akanivutia gunia. "Leo umekula nini?"

"Muhogo. Na chai."

"Na mchana?"

"Mchana ningezidisha."

"Ungezidisha nini?"

"Lengo! Mia nne na themanini."

Akaichukua saa, akaipangusa vumbi kwa kidole. Akaisogeza ukurasa mmoja, wa pili.

"Mwaisha, hapa chini pana namba nyingine. Jana imeandika elfu moja mia nane na thelathini. Hii ni ya nini?"

"Sijui. Nilidhani ni jumla ya wiki."

Akakuna kichwa. Mimi nikaanza kulia kimyakimya. Akainuka, akagonga gunia lililokuwa juu ya mizani.

"Hili liliingia hapa Novemba. Themanini kamili, niliandika mwenyewe. Soma sasa."

Nikafuta macho. "Sabini na tisa na robo."

"Nani kaiba?"

"Nitajuaje mimi?"

"Hakuna aliyeiba. Limefungwa, halijatoka mlangoni. Huo ni unyaufu. Limekaa tu, na lilivyokaa likapungua. Watunza ghala wageni wanasahau kuuhesabu, msimu ukiisha wanaitwa wezi." Akaigeuza saa kwangu. "Nadhani hii mia nne na themanini ni ya kutembea peke yake. Kubwa ni yote kwa pamoja: kutembea, na kukaa, na kulala, na moyo kudunda. Wewe ulihesabu ya kutembea tu."

Nilizikodolea macho zile namba. Elfu moja mia nane na thelathini, toa mia nne na themanini. Mwanafunzi wangu wa darasa la tano angeitoa. Zaidi ya elfu moja na mia tatu, kila siku, kwa miezi minne, mwili wangu uliitumia kwa kuishi tu, na mimi sikuulipa.

"Kwa hiyo siumwi?"

"Mimi si daktari. Kapime tu, kwa ajili yako, si kwa ajili ya mama. Na hata hiyo namba kubwa usiishike kama msahafu. Saa inakisia, kama mimi ninavyokisia gunia kwa jicho. Kula, upime kila wiki, ukipungua ongeza." Kisha sauti yake ikabadilika. "Ina maana miezi yote hii ulikuwa na njaa."

"Ndiyo."

"Ukafundisha na njaa."

"Ndiyo."

"Kwa nini, Mwaisha? Nani alikuomba?"

"Wewe! Ulisema nibaki hivi hivi."

Akakaa chini sakafuni, kwenye vumbi la korosho, suruali nzuri na yote.

"Mama alitaka wakuweke ndani mwezi mzima wakulishe," akasema. "Alisema wewe mwembamba, wanawake wa kwetu wana miili. Tuligombana. Nilitaka kukwambia usimsikilize mtu, uko sawa ulivyo. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nilipokuona yakapotea, nikatoa boksi."

"Na kila siku hatua, hatua, hatua?"

"Sijui kuongea kwenye simu. Nikiuliza umeshindaje unajibu 'salama' na mazungumzo yanakufa. Nikiuliza hatua, unanijibu namba, najua umefika shule, najua umerudi." Akafunika uso. "Nilikuwa nakuona unapungua. Nikadhani hunitaki, umeshindwa kukataa posa, mawazo ndiyo yanakumaliza. Niliogopa kuuliza, nisije nikasikia."

Sikujua nimshike au nimpige. Watu wawili wazima, wote tumesoma, tumekaa miezi minne tukitumiana namba.

Simu yake ikaita. Jina kwenye kioo: Mama. Aliitazama bila kuigusa. Ikakatika. Ikaita tena. Akaipokea, akaiweka sauti ya juu ili nami nisikie.

"Abdulmalik! Nimesikia yuko huko ghalani. Mwambie nimeshaongea na shangazi zako. Ijumaa bila karatasi, tunarudi kwa wenyewe kuvunja posa."

"Mama, nisikilize..."

"Nikusikilize nini? Umemshika mkono? Mimi nimemshika! Mtoto wa watu anakufa, nyumba nzima mnasema haumwi!"

"Mama, ni hesabu tu ilikosewa..."

"Hesabu gani inamaliza mtu nyama? Usinifanye mjinga!"

Abdulmalik akanitazama, akaishusha simu. Mlangoni Mzee Jafari alikuwa amesimama na makuli wote nyuma yake, hakuna aliyejifanya hasikii. Nikanyoosha mkono, nikaichukua simu.

"Mama, ni mimi, Mwaisha."

Nilisikia anavyopumua.

"Haya, sema, mwanangu."

"Ijumaa nitaenda kupima, na karatasi nitakuletea. Lakini asubuhi nilimwambia mama yangu uongo, kwamba ni uchovu. Si uchovu. Nimejishindisha njaa tangu Septemba, kwa sababu niliogopa nikinenepa mwanao ataniacha. Sikumuuliza yeye, sikumwambia mama yangu, sikukwambia wewe. Ninampenda, mama. Nampenda kuliko ninavyoweza kusema mbele ya watu, na hapa watu wapo. Naomba msinivunjie harusi. Naomba chakula."