Neno la Kuandika Kwenye Bango

Kila Jumanne asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya kilima cha Nsambya, filimbi ya mzoa taka ililia katika nyumba za polisi. Pri! Pri-pri! Milango ikafunguka, na magunia ya taka yakaburutwa nje: maganda ya matoke, majivu ya jiko la sigiri, mifupa ya samaki. Mkokoteni ulipita polepole, gurudumu lake moja likilia kama kifaranga kilichopotezana na mama yake.

Jumanne moja Amony, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa amechelewa. Kiatu kimoja kilikuwa mguuni, cha pili hakijulikani kilikolala. Bibi yake, Mama Alal, alikuwa uani akipeta mbegu za simsim. Filimbi ilipofika mlangoni pao, Amony alitoa kichwa dirishani.

"We Kasasiro! Ngoja!"

Kasasiro ni neno la Kiganda, maana yake takataka. Ndivyo watoto wote wa pale walivyomwita yule baba wa mkokoteni, naye hakuwahi kujibu. Alingoja tu. Amony alilirusha gunia lao, likapasuka, maji ya taka yakamrukia yule baba kwenye suruali. Aliinama, akaanza kuokota ganda moja moja. Amony alikwisha kurudi chini ya kitanda kutafuta kiatu chake. Hakuona ni nani aliyesimama nyuma ya mkokoteni.

Shuleni siku hiyo kulikuwa na mazoezi ya igizo la Kiswahili. Mwalimu Mumbere, mtu wa Kasese mwenye sauti ya upole, alikuwa amewaeleza habari ya mji wa Memphis, Marekani, mwaka 1968. Wazoa taka wa mji ule, karibu wote weusi, walibeba vyombo vilivyotoboka, uchafu ukiwachuruzika mabegani. Siku moja ya mvua, wawili walijikinga ndani ya gari la taka, mashine ikawaponda, wakafa. Wenzao waligoma. Wakaandamana barabarani, kila mmoja na bango lenye maneno yale yale. Na mwishowe mji ukakubali chama chao cha wafanyakazi.

"Wanaume wazima wenye wajukuu walikuwa wakiitwa 'boi', yaani mvulana," mwalimu alisema. "Ndiyo maana wakaandika 'I am a man'. Amony, mwandiko wako ni mzuri. Ulipewa kazi ya kuyatia maneno hayo katika Kiswahili. Tuone."

Amony aliinua bango lake la kwanza kwa fahari. Herufi zilikuwa nene, za wino mwekundu: MIMI NI MWANAMUME. Akamkabidhi Nabintu, rafiki yake aliyeketi naye dawati moja, ambaye ndiye angetangulia katika maandamano kwa sababu sauti yake ilijaza chumba.

Darasa likaangua kicheko.

"Nabintu!" alipiga kelele Odur, jirani yake Amony. "Umeota ndevu lini?"

Mwalimu mwenyewe alificha tabasamu. "Haya, basi. Neno hili limetukataa. Amony, katafute jingine nyumbani. Ijumaa wazazi wanakuja."

Lakini Nabintu hakucheka. Aliliweka bango chini taratibu, akatoka nje. Amony akamfuata mpaka kwenye bomba la maji.

"Usimjali Odur. Unajua kinywa chake hakina mlango."

"Si Odur," Nabintu alisema. "Asubuhi ulimwita nani?"

"Mimi? Sikumwita mtu."

"Ndiyo. Hukumwita mtu. Ulimwita Kasasiro." Akamgeukia. "Nilikuwa nyuma ya mkokoteni. Baba alikuwa ananisindikiza shule. Yule ni baba yangu, Amony."

Amony alijua kwamba familia ya Nabintu ilitoka Bukavu, Kongo, kukimbia vita. Kazi ya baba yake hakuwahi kuiuliza.

"Sikujua kama ni baba yako..."

"Kwani angekuwa baba wa mwingine ingekuwa sawa?" Nabintu alifuta macho kwa kiganja. "Mtafute mtu mwingine wa kubeba bango lako. Mimi sibebi."

Jioni Amony hakugusa chakula. Mama Alal alimtazama, akaweka ungo pembeni.

"Mjukuu wangu, mboga ina chumvi nyingi, au ni moyo?"

Amony akasimulia yote, hata suala la gunia. Bibi alisikiliza, hakumkemea.

"Huyo baba anaitwa nani?" aliuliza.

"Sijui, bibi."

"Hata mimi sijui. Ni aibu yetu sote." Akaketi kando yake. "Baba yangu mzazi alikuwa mpishi wa mzungu mmoja, zamani za wakoloni. Mtu mzima, ndevu hizi! Kutwa nzima ni 'boi, chai', 'boi, viatu'. Mpaka katoto ka mzungu kalimwita boi. Basi jioni akirudi, mama alisimama mlangoni akamwita jina lake lote: 'Karibu, Okwera mwana wa Olweny.' Hapo ndipo mabega ya baba yalipoinuka, naye akaingia ndani. Asipoitwa alibaki amesimama nje, kana kwamba bado hajafika."

"Sasa nifanye nini, bibi?"

"Kosa ulilifanya asubuhi, mbele ya watu. Usiende kulirekebisha kichochoroni."

Mkokoteni usingepita Nsambya tena hadi Jumanne, lakini Amony alijua kwamba Alhamisi yule baba huzoa taka karibu na shule. Siku hiyo aliuona langoni, wanafunzi wakimiminika kuingia. Odur na wenzake walikuwa pale pale.

"Jambo, baba," alisema Amony, akipiga goti kidogo kama alivyofundishwa. "Juzi nilikuita jina baya, na gunia langu likakuchafua. Naomba unisamehe. Jina lako ni nani?"

Yule baba alishusha mishikio ya mkokoteni, akajipangusa mikono. Nabintu alisimama kando yake.

"Hippolyte," alijibu kwa Kiswahili chao cha Bukavu. "Asante kuniuliza, mutoto yangu. Miye niko mutu, siko gunia." Akacheka kidogo, akamtazama binti yake. "Bote munaweza niita Baba Nabintu."

"Heh!" alidakia Odur. "Kasasiro amepata cheo!"

Amony akageuka. "Cheo anacho tangu azaliwe. Ni wewe na mimi tuliokuwa hatukioni." Kisha akatulia ghafla. Mutu. Mtu. Neno lilikuwa limekaa hapo muda wote.

Ijumaa, wazazi walipojaa ukumbini, maandamano yaliingia, wavulana kwa wasichana. Nabintu, aliyekubali tena kubeba bango, alitangulia akiliinua juu: MIMI NI MTU. Safari hii hakuna aliyecheka. Baba Nabintu aliketi mstari wa mbele karibu na Mama Alal, shati lake jeupe limepigwa pasi.

Wakirudi nyumbani, bibi alimshika Amony mkono. "Wale wa Memphis walidai mengi: chama chao, na kazi isiyowaua. Lakini kwenye bango waliandika neno hilo dogo. Unajua kwa nini? Ukishakubali kwamba mwenzako ni mtu, utaona haya kumnyima haki yake. Lakini ukizoea kumwita taka, siku moja utamtupa kama taka. Heshima, mjukuu wangu, huanzia mdomoni."

Jumanne iliyofuata filimbi ililia tena. Pri! Pri-pri! Mlango wa jirani ukafunguka kwa kishindo, na Odur akatokea na gunia.

"We Kasa..." Akameza mate, akatupa jicho kwenye dirisha la Amony. "Baba Nabintu! Tafadhali ngoja, naja nalo."

Akalibeba kwa mikono miwili, mpaka kwenye mkokoteni.