Toleo Jipya na Ngumi za Nondo

Kila Jumamosi asubuhi, kabla hata chai haijamiminwa, Chapuchapu alikuwa na kazi moja: kupuliza vumbi kwenye kompyuta mbili za chumba cha mbele. Alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akafungua ubavu wa kila mashine, akapuliza kwa pampu ya baiskeli mpaka feni zikang'aa. Alikuwa binti wa miaka kumi na mitatu. Jina hilo alipewa na mjomba wake, kwa sababu hakuna jambo alilolifanya polepole. Alikula haraka, alisema haraka, na mbaya zaidi, alibonyeza haraka.

Chumba hicho ndicho kilichokuwa karakana ya familia. Hapo zilitengenezwa picha za majengo ambayo hayajajengwa. Waliletewa ramani ya mistari mitupu, wakaijenga ndani ya kompyuta ukuta kwa ukuta, kisha mashine ikakaa saa nzima ikihesabu mwanga na vivuli, hadi ikatoka picha ambayo ungeapa imepigwa na kamera. Kazi hiyo ya mashine wao waliiita kupika. Bingwa wake alikuwa Mjomba, mdogo wake Mama, na mtaa mzima ulimwita Mpishi ingawa hata kuchemsha yai kulimshinda. Alikuwa akiishi nao tangu Chapuchapu hajazaliwa. Yeye ndiye aliyemfundisha kusoma.

Mwenye karakana alikuwa Baba. Zamani alikunja vyuma kwenye majengo, na wenzake walimwita Nondo. Mkono wake ulikuwa mzito na hasira yake nyepesi. Mlango ukikwama aliupiga teke. Redio ikikoroma aliizaba kofi, na redio, kwa bahati mbaya, mara nyingine ilinyamaza, basi akaamini kofi ni dawa.

Ukutani, juu ya mashine kubwa, palibandikwa karatasi: KAZI IKIWA JIKONI, TOLEO JIPYA MARUFUKU. Waliotengeneza programu ile walikuwa watu wa mbali, wasiojulikana hata sura. Kila mwaka walitoa toleo jipya, na kila mwaka walilitoa likiwa bichi. Mjomba aliyakumbuka matoleo yote kama mtu anavyokumbuka makovu yake.

"Mwaka juzi walikula vivuli," alizoea kusema. "Mwaka jana walikula ngazi. Tunalipa sisi, halafu sisi hao hao ndio tunaonjeshwa kama limeiva!"

Jumamosi hiyo Chapuchapu alipuliza vumbi huku akikwepa kuitazama skrini ya mashine kubwa. Jana yake, saa kumi, alipotoka shule, alikuta mashine kubwa iko wazi na Mjomba ametoka kwenda kupima kiwanja. Kwenye skrini kulikuwa na wodi mpya ya wazazi. Ruhusa yake ilikuwa kupanda miti tu kwenye picha, basi. Mara kikaruka kijisanduku cha rangi: Toleo jipya liko tayari. Kasi zaidi, uzuri zaidi. Endelea? Kidole kikabonyeza Ndiyo kabla kichwa hakijafikiri. Programu ilipofunguka upya akapanda mwembe mmoja, akahifadhi. Kikaja kijisanduku kingine chenye maneno mengi. Hakukisoma. Akabonyeza Ndiyo tena. Ndipo mbingu ya picha ikageuka zambarau. Akazima kila kitu, akakimbilia uani, akajiambia labda kesho itakuwa imejirekebisha.

Haikujirekebisha. Saa mbili asubuhi Mjomba aliwasha, akaangalia, akatoa sauti kama mtu aliyekanyaga msumari.

Madirisha yote ya wodi yalikuwa meusi kama meno yaliyooza. Ngazi zilining'inia hewani. Vitanda vya wagonjwa vilichomoza kupitia ukutani, nusu ndani, nusu barabarani. Alipojaribu kupika, mashine ilifika tisini na tisa kwa mia, ikakata roho. Akafungua tena. Ikakata roho tena.

"Hili ni toleo jipya," Mjomba alinong'ona. "Nani ameliweka? Na faili limeshahifadhiwa humo, toleo la zamani halilifungui tena!"

Baba alikuwa mlangoni na kikombe mkononi. "Umesemaje, shemeji?"

"Sijaligusa mimi. Naapa. Watakuwa wamelisukuma wenyewe kutoka huko kwao."

"Mkandarasi anakuja saa nane kuchukua picha sita, wewe unanisimulia habari za huko kwao?" Kikombe kiliruka, kikapasukia ukutani, na chai ikachirizika juu ya ile karatasi ya marufuku. "Fungua tena!"

Mjomba alifungua. Alipiga simu ya msaada, sauti ya mashine ikamwambia wanathamini uvumilivu wake, kisha ikamwimbia muziki. Akaingia kwenye ukurasa wa watumiaji mtandaoni. Huko kulikuwa na mamia ya watu wanalia kilio kile kile, madirisha meusi, ngazi hewani, na jibu lilikuwa moja kwa wote: Tunathamini uvumilivu wako.

"Uvumilivu!" Baba alinguruma. "Wangekuwa hapa ningewavumilisha kwa nondo!"

Lakini hawakuwapo. Ndiyo starehe ya watu wa namna hiyo: wanauza kitu kibovu, wanakaa mbali, na ngumi walizostahili zinawashukia wengine. Ngumi ya kwanza iliishukia mashine ndogo. Skrini ikapasuka katikati, vipande vikamwagika kwenye kibodi, na mkono wa Baba ukatoka na damu.

Chapuchapu alikuwa amejibana kwenye kona, pampu ya baiskeli kifuani. Sema, moyo ulimwambia. Sema sasa. Akafungua mdomo, akaiona ile damu, akaufunga.

"Ni wewe," Baba alimgeukia Mjomba. "Mashine hii haikaliwi na mtu mwingine. Umeweka uchafu huu, sasa unawasingizia watu wa mbali."

"Sijaweka, shemeji."

"Basi ni panya?"

"Panya angekuwa na akili, asingeweka."

Utani huo ulikuja saa mbaya. Baba alimkamata Mjomba ukosi, akamnyanyua kwenye kiti, akamzaba kofi lililosikika mpaka uani. La pili lilimpasua mdomo. Mjomba aliangukia meza, kipanya na makaratasi yakaporomoka, akajishika, akatema damu kwenye kiganja chake, akaitazama kama kitu asichokifahamu.

"Leo hii hii," Baba alihema, "ukusanye virago vyako. Nyumba hii hulali tena. Ila kwanza fungua hiyo takataka mara moja zaidi, niione kwa macho yangu!"

Mjomba hakufungua. Miaka yote alikuwa mtu wa maneno na mzaha, lakini kila mtu ana ukomo. Aliikamata miguu miwili ya kiti chake, akakizungusha, kikampata Baba begani. Baba akayumba, akapapasa rafu, mkono ukakutana na nyundo.

"Baba!" Chapuchapu alipiga kelele. "Ni mimi!"

Hakuna aliyesikia. Walikuwa wakitukanana kwa pamoja, feni za mashine zikivuma, kiti kikigonga nyundo. Alipita chini ya mikono yao, kipande cha mti wa kiti kikamchapa sikioni, akafika ukutani, akaivuta chini swichi kubwa ya umeme.

Mashine zilizimika. Feni zikalegea, zikanyamaza. Katika ukimya ule wanaume wawili walibaki wamesimama, mmoja na nyundo, mmoja na nusu ya kiti.

"Ni mimi niliyebonyeza," Chapuchapu alisema. "Jana. Mjomba hakuwapo. Hawakusukuma wao, na Mjomba hakugusa. Ni mimi."

Baba alimwendea. Nyundo aliiangusha, lakini kiganja kilikuwa tayari hewani, na kingeshuka, kama si mkono mwingine uliokikamata kutoka nyuma. Mama alikuwa nesi, alikuwa amelala baada ya zamu, na sasa alisimama mlangoni na kanga ya kulalia, macho mekundu.

"Mshushie kofi hilo," alisema kwa sauti ya chini, "halafu tuone kesho ni mtoto gani atakayekuambia ukweli tena."

Kiganja kilishuka taratibu, kikiwa kitupu.

"Jana saa ngapi?" Mjomba aliuliza ghafla. Mdomo ulikuwa umevimba, maneno yakatoka mazito. "Mpwa wangu, nitajie saa."

"Saa kumi. Nilihifadhi mara moja tu, nikazima."

Mjomba alianza kuhesabu kwa vidole vyenye damu. Programu ile ilijiwekea nakala kumi za akiba, na kila ilipofunguliwa ilitupa nakala ya zamani kuliko zote, ikaweka mpya.

"Mimi nilidhani limeingia kinyemela siku nyingi zilizopita, likiziozesha nakala zote chinichini kabla ya kujionyesha leo," alisema. "Kumbe ni jana! Wewe umefungua mara moja. Sisi leo tumefungua..." Alimtazama Baba. "Mara nane. Jumla tisa."

"Kwa hiyo?" Baba aliuliza.

"Kwa hiyo imebaki nzima moja. Ile mara moja zaidi uliyotaka nifungue, shemeji, ndiyo ingeitupa."

Baba alikaa sakafuni, katikati ya vigae vya kikombe. Mama alileta maji ya chumvi na bandeji, akaanza kufunga mikono na midomo bila upole wowote. "Hospitali nalipwa kwa kazi hii," alisema. "Hapa nafanya ya bure, tena kwa watu wazima waliogombana kama majogoo."

Umeme ukarudishwa. Mjomba aliitoa ile nakala bila kuigusa programu, akaihamishia kwenye flashi, akalifuta toleo jipya, akarudisha la zamani. Chapuchapu alisimama kando yake, mikono nyuma. Faili likafunguka. Madirisha yalikuwa ya kioo, na ngazi zilikanyaga ardhi.

Kwa kuwa mashine nzima ilibaki moja, saa nane ilipogonga zilikuwa zimeiva picha mbili tu. Mkandarasi aliingia, akaona bandeji, skrini iliyopasuka, kiti cha miguu miwili.

"Mmevamiwa?"

"Tumevamiwa," Mama alijibu. "Na sisi wenyewe."

Mjomba alimweleza yote bila kuficha. Mkandarasi alifoka kwa dakika kumi nzima, kisha akachukua zile mbili, akawapa hadi Jumatatu kwa nne zilizobaki. Hakuna aliyefungasha virago.

Jumanne jioni chumba cha mbele kilijaa wapishi wa picha wa mji mzima, kumi na mmoja, kila mmoja na kidonda chake. Walikuja kuwaandikia wale watu wa mbali barua moja. Mjomba alileta daftari alimoandika makosa ya matoleo yote, tarehe kwa tarehe.

"Andika pia," Baba alisema, akinyoosha mkono uliofungwa, "kwamba toleo lao limenivunjia skrini. Wanilipe."

Wapishi wakacheka, wengine wakaitikia. Chapuchapu alikuwa akigawa chai. Aliweka birika mezani.

"Baba, skrini hawakuivunja wao."

Baba alimtazama binti yake, akamtazama Mjomba, ambaye mdomo wake ulikuwa bado umevimba.

"Futa hiyo," alisema mwishowe. "Skrini niliivunja mimi. Na mdomo wa shemeji yangu niliupasua mimi, mbele ya mtoto. Nisamehe, shemeji."

"Nimekusamehe," Mjomba alisema. "Lakini usinizabe tena kama redio."

Barua ikaenda na makosa kumi na tisa, kila moja na tarehe na shahidi wake, bila hata neno moja la kuongeza. Wiki ya tatu jibu likaja. Toleo limeondolewa sokoni, dirisha kwa dirisha wanalirekebisha, kwa sababu, waliandika, malalamiko haya waliweza kuyahakiki moja moja na yote yalikuwa ya kweli.

Mama ndiye aliyelisoma kwa sauti, kisha akaikunja karatasi.

"Sikilizeni, wewe binti na wewe Baba Chapuchapu," alisema. "Tungeweka uongo mmoja tu, wangeushika huo na kutupa kweli zote kumi na tisa. Ukitaka kupigana na mkubwa, nenda na ukweli mtupu, na uende kwa mwenye kosa, si kwa aliye karibu na mkono wako. Mwanangu, kubonyeza ni kosa dogo, hata wazee wanabonyeza. Kunyamaza ndiko kulikokaribia kumtoa mjomba wako jicho kwa nyundo."

Chapuchapu aliinamisha kichwa.

"Wao wenye mashirika walichukua wiki tatu kukiri. Wewe ulichukua usiku mmoja na asubuhi, na umeona kilichovunjika katika asubuhi hiyo. Siku nyingine utakapokosea, na utakosea, chukua dakika moja."

"Nitafanya haraka, Mama," alisema Chapuchapu.

"Hilo," Mama alisema, "ndilo jambo moja ninalokuruhusu ulifanye haraka."