Kata kwenye Msumari wa Chini

Kata ilikuwa imening'inia ukutani mahali ambapo hapakuwa na msumari.

Zena, mke wa Hamudi mnunuzi wa korosho, aliiona adhuhuri moja ya mwezi wa tisa, alipotoka uani kuchota maji ya wali. Msumari wa kata ulikuwa juu, usawa wa bega. Kata yenyewe ilikuwa chini, usawa wa kiuno, imeegama kwenye lipu safi, inadondosha maji. Zena aliitoa, akapapasa ukuta. Ulikuwa laini. Akairudisha juu. Kesho yake adhuhuri aliikuta chini tena, na ua mzima ulinuka mvua, wakati Newala haikuwa imeona wingu tangu mwezi wa tano.

Alivumilia siku kumi na nne. Siku ya kumi na tano alipanga masanduku yake, na Hamudi akapanda gari kwenda Masasi kumtafuta mwanamke aliyewauzia nyumba ile.

Mwanamke huyo aliitwa Ziada. Miaka ile serikali ilikuwa imeruhusu watu binafsi kununua korosho, na waliofundishwa miaka ishirini kwamba biashara ni unyonyaji wakaamka asubuhi moja wakaambiwa wawe wafanyabiashara. Wengi walishangaa tu. Ziada hakushangaa. Aliona wageni wanashuka na mifuko ya fedha na hawana pa kulala, akaona warithi wanaogombana juu ya nyumba zinazovuja, akajiweka katikati. Mumewe, Nurdin, alikuwa fundi mwashi. Walinunua nyumba mbovu, wakahamia humo humo, wakaitengeneza wakiwa wanaishi ndani, wakaiuza, wakahama. Nyumba sita kwa miaka minne.

Alikuwa na kanuni zake na hakuwa mchoyo nazo. Anza na bati, aliwaambia waliomuuliza, maana rangi juu ya paa linalovuja ni kujipaka poda usoni na homa iko ndani. Nunua kwa mtu mwenye haraka, uza kwa mtu mwenye haraka zaidi, na wewe mwenyewe usiwe na haraka. Ukiweza, mpate mnunuzi kabla hujamlipa mwenye nyumba, ili karatasi ipite mkononi mwako tu mbele ya balozi wa nyumba kumi na usishike hata sepetu. Na ukiwa Newala usihangaike na sebule. Kule juu maji ni ya mvua. Mnunuzi anafunua kwanza mfuniko wa tangi lililochimbwa uani, anachungulia, anapiga kelele kusikia mwangwi. Tangi likimpendeza, nyumba ameshanunua.

"Mama Kibibi," alisema Hamudi, bado amesimama mlangoni, "nakurudishia nyumba yako. Nipe chochote."

"Usiniite hivyo," alisema Ziada. "Ina nini?"

"Ina mtu."

"Mtu gani?"

Hamudi akashusha sauti. "Sijui. Mfupi. Anatundika kata chini."

Nurdin alikuwa anakoroga chokaa nyuma ya nyumba. Mti wa kukorogea ukasimama.

Msumari wa chini aliupigilia yeye, ili binti yao wa miaka sita, Kibibi, aifikie kata bila kuburuta kigoda. Mwezi wa pili wa mwaka uliopita, mvua zikiwa zimepamba moto, Kibibi alishikwa na homa Jumatatu, Alhamisi wakamzika. Hamudi alikuwa ameshaiona nyumba na kuipenda. Nani ananunua nyumba iliyotoka maiti juzi? Ziada aliomba mkeka wa msiba ukunjwe mapema. Aliwaomba majirani wasitaje. Nurdin aling'oa msumari, akaziba tundu kwa saruji, akapaka rangi.

Kwa kina mama yake Ziada, huko Mkunya, nyumba iliyofiwa haihamwi kimya. Siku ya mwisho mama anasimama kizingitini na unga kiganjani, anamwita marehemu kwa jina, anamwambia tunahama, twende, anamwelekeza nyumba mpya ilipo, na anadondosha unga njiani ili asipotee. Ziada alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Lakini siku ile Hamudi alikuwa amesimama pale pale nje na masanduku yake, anatabasamu, na kumwita Kibibi kwa sauti kungekuwa ni kumwambia mnunuzi kila kitu. Ziada alilimeza lile jina, akapanda gari.

Sasa alimlipa Hamudi nusu ya bei, na jirani aliyemwona Hamudi akikubali alisema mama huyu hakosi faida hata kwa mashetani. Kesho yake akampata mnunuzi mwingine, mwalimu mmoja, Alfredi, atakayekuja Jumamosi.

"Tunaenda kuisafisha," alimwambia mumewe garini. "Siku mbili. Tunaiuza."

"Ziada." Tangu msiba alimwita kwa jina lake tu, lile lingine hakuweza. "Ulisikia alivyosema? Mfupi."

"Nilisikia."

"Basi usiseme kuisafisha."

Waliingia Newala saa tano. Nyumba ilikuwa kimya, safi, imefagiliwa. Ziada alikwenda moja kwa moja uani. Kata ilikuwa chini. Hakuigusa. Alichuchumaa mbele yake akaona kwenye mpini alama za vidole zilizolowa, ndogo, zinakauka moja baada ya nyingine.

Fundi Mahmudu, mganga wa majini waliyemwita tangu Masasi, alikuja kwa baiskeli kutoka Chiungutwa, kavaa koti la suti katika jua lile, na Ziada, ambaye alikuwa amewaona waganga wengi wanaogopa zaidi kukosa wateja kuliko majini, alimtazama kwa jicho baya. Mahmudu hakuagiza mbuzi wala kitambaa chekundu. Alivua viatu, akafukiza ubani, akalala kifudifudi juu ya zege, sikio kwenye mfuniko wa tangi. Alikaa hivyo mpaka ubani ukaisha. Alipoinuka alijifuta shavu.

"Naweza kulitoa," alinong'ona. "Ila halitatoka peke yake."

"Kwani wako wangapi?"

"Wawili. Mwenye tangi, na mgeni wake. Mwenye tangi ni jini la siku nyingi, la kike, lilikuwepo kabla ya hii saruji. Mgeni ni mtoto."

Nurdin akautazama ukuta alipong'oa msumari.

"Mlihama mkamwacha," alisema Mahmudu. Hakuwa anauliza. "Alibaki mlangoni analia. Aliyemkuta akamchukua. Mama, mimi nimesomea majini yanayopiga watu, yanayokaba watu, yanayotafuna mimba. Hili sina kosa la kulisomea. Limelea."

"Ni mwanangu," alisema Ziada.

"Basi mwite. Akitoka akaja kwako, nitalifunga lililobaki na mtauza nyumba yenu. Lakini mwite wewe. Mimi hanijui."

Ilikuwa saa saba kasoro, saa ambayo kivuli cha mtu kinajificha chini ya miguu yake. Ziada alichukua unga kiganjani, Nurdin akasukuma mfuniko pembeni, na harufu ya mvua ikapanda kutoka kwenye giza la tangi, mvua mbichi kabisa, ya mwezi wa pili, ya zile siku nne, na Ziada aliinama na kufungua kinywa na jina halikutoka, kwa sababu lilikuwa limekaa kooni mwaka na nusu na lilikuwa limeota mizizi huko, na alipolivuta mwishowe lilitoka na sauti ambayo Nurdin hakuwahi kuisikia kwa mkewe, si sokoni, si mbele ya balozi, si hata siku ya kuzika, "Kibibi! Kibibi binti Nurdin! Mama amekuja, tunahama mwanangu, twende, nyumba iko Masasi, ina mlango wa kijani, baba yako yupo hapa, twende," huku unga ukimwagika kati ya vidole na kutua juu ya maji, na maji yale, yaliyokuwa yametulia kama kioo, yakaanza kutikisika taratibu kutoka pembeni kuja katikati, kama yanavyotikisika mtu anaposogea ndani yake, halafu yakatulia.

"Shikamoo," ilisema sauti kutoka chini.

Ilikuwa yake. Ilikuwa na kile kikohozi kidogo cha mwisho wa neno. Lakini ilikuwa shikamoo ya adabu, ya mtoto aliyefundwa vizuri, ile anayowapa wageni.

"Marahaba," alisema Ziada. Machozi yalikuwa yanadondokea kwenye tangi. "Marahaba mwanangu. Njoo. Twende."



"Ngoja nimuulize mama."

Mahmudu akaanza kusoma chini ya pumzi. Nurdin alimshika mkewe kiuno asitumbukie, na wote watatu wakasikia chini kule mazungumzo, sauti mbili, ndogo na nzito, hii nzito ikiwa na mwangwi wa maji, si ya hasira hata kidogo, ya mama anayeulizwa jambo na mtoto wake huku anafanya kazi nyingine. Iliendelea muda mrefu. Kisha maji yakatikisika tena.

"Mama anauliza," ilisema sauti ndogo, "huko Masasi mnakaa mpaka lini?"

Ziada alikuwa na jibu kwa kila mnunuzi aliyewahi kukanyaga uwanja wake. Alijua kujibu kuhusu nyufa, kuhusu mchwa, kuhusu mipaka. Aligeuka akamtazama Nurdin, na Nurdin akainamisha kichwa, kwa maana nyumba ya mlango wa kijani ilikuwa na mnunuzi tangu wiki iliyopita, na karatasi ilishaandikwa.

Mfuniko ukasogea wenyewe polepole, ukikwaruza zege, ukajifunga.

Mahmudu alivaa viatu vyake. "Nilitoe?" aliuliza.

"Mtoto ataenda wapi?"

"Linakoenda lenyewe."

"Liache," alisema Ziada.

Jumamosi mwalimu Alfredi alimkuta Ziada amekaa kizingitini, kitenge kiunoni, hakuinuka kumkaribisha.

"Nimekuja kuona tangi, mama."

"Nyumba haiuzwi, mwalimu. Ina watu."

Huo ni mwaka wa nne sasa. Masasi waliuza, na hawakununua nyingine. Madalali waliokuwa wanamwogopa Ziada sasa wanamsimulia kwa huruma, kwamba alikuwa na akili nzuri sana ya nyumba mpaka nyumba moja ikamshika. Nurdin anajengea watu. Aliupigilia tena ule msumari wa chini, pale pale.

Kila adhuhuri Ziada anatoka uani na kusimama karibu na mfuniko. Sauti inampa shikamoo, ya adabu, kama anavyopewa jirani. Anaitikia marahaba. Haiti tena, habembelezi, haulizi. Anasubiri mpaka kata imetundikwa, halafu anainama kidogo na kusema maneno yale yale kabla ya kurudi jikoni.

"Mwambie mama yako bado nipo. Sijahama."